Mashua Uchochoroni

4 Februari

Mdogo wangu Msumari,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya. Nanunua mashua.

Usicheke! Naisikia sauti yako mpaka huku. Nasema mashua ya tanga, ya kwangu mwenyewe, mimi dada yako niliyekaa kwenye cherehani miaka thelathini mpaka kiti kikashika umbo langu. Unajua tangu mwaka jana nawashonea wale wa klabu ya mashua hapa ziwani mifuniko yao ya turubai. Basi siku moja katibu wao akaniambia, Mama Fundi, utaishia kufunika tu? Hebu panda na wewe uone. Nikapanda. Nimeshapanda mara sita, ndugu yangu. Mara ya kwanza nilishika ukingo kwa mikono yote miwili na macho nikafumba. Mara ya nne wakanipa usukani. Upepo ulipojaa kwenye tanga na ile mashua ikainama na kuanza kukimbia, nilipiga ukelele mpaka watu wa ufukweni wakasimama kutazama nani anauawa. Sikuwa nauawa. Nilikuwa nafurahi tu, na nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyofurahi kwa sauti.

Sasa sikiliza ninachotaka, maana wewe uko karakanani na mashua zinapita mikononi mwako kila siku. Nataka ya mita tisa. Vitanda sita, jiko dogo, choo. Vitanda viwili vya binti yetu na mumewe, viwili vyako na wifi yangu mkija likizo, viwili vyetu. Kinyozi wangu nimemwambia, akaendelea kunoa wembe wake, akasema, "Vizuri, mke wangu. Mimi nitakuwa ufukweni nakupungia mkono." Miaka ishirini na tisa ya ndoa, ananipungia mkono! Lakini nikimwekea godoro zuri humo ndani atabadilika, namjua.

Nijibu haraka. Na kwa barua, najua simu yako ya tatu nayo imeanguka majini.

Dada yako,
Fundi

15 Februari

Shikamoo Dada,

Nilikaa chini kama ulivyoniamuru, halafu nikainuka, halafu nikawasomea wenzangu karakanani ile sehemu ya ukelele. Wote wanakusalimu. Hongera sana, nasema kwa moyo mweupe.

Ila mita tisa, Dada? Tulia kidogo. Hapa nyuma ya karakana ipo mashua ya mita kumi, ya daktari mmoja wa meno. Alinunua kubwa kwa sababu aliwaza ndugu wote watakuja. Mwaka wa kwanza walikuja, wakapiga picha. Mwaka wa pili alikuja yeye na mkewe, wakashindwa kuinua tanga wawili peke yao. Sasa ni mwaka wa tano, na paka wetu kazalia humo mara tatu. Mashua kubwa inataka watu, inataka siku nzima, inataka ukarabati usiokwisha. Mashua ndogo inataka tu uvue viatu.

Basi nikuulize ninayowauliza wateja wote wa mara ya kwanza. Nani ataingia? Sikuulizi unatamani nani aingie. Nakuuliza siku ya Jumamosi ya kawaida, nguo zimefuliwa na chakula kimeliwa, nani hasa atanyanyua mguu aingie. Mtakaa majini saa ngapi? Utaiweka wapi, na nani atakusaidia kuivuta? Mbele ya klabu yenu maji yanakufika wapi mwilini? Na kuogelea unajua, hilo nauliza kwa mazoea tu, ni la kwanza kwenye fomu yetu.

Usinijibu kwa kichwa, kichwa chako sasa hivi kiko hewani. Chukua daftari. Kwa mwezi mmoja, kila siku ambayo kweli ungeweza kutoka na mashua, iandike: nani na nani, muda gani. Halafu fanya kama unavyofanya na kitambaa kabla hujakikata. Chora. Chukua chaki yako, chora hiyo mita tisa sakafuni, saizi yenyewe, ukae ndani yake uone.

Mdogo wako,
Msumari

20 Machi

Msumari mdogo wangu,

Nimechora! Mlango wa nyuma nimeuacha wazi, kwa sababu mita tisa haziishii chumba cha kushonea. Sehemu ya nyuma ilianzia kwenye meza yangu ya kukatia, katikati ikatoka uani, na ncha ya mbele ikaingia jikoni kwa jirani, ikafika kwenye jiko lenyewe. Jirani akaniuliza, "Mama Fundi, hii pua ya nani kwenye sufuria yangu?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wateja wote wiki hiyo niliwapimia ndani ya mashua. Bibi harusi mmoja nimempimia gauni chooni kabisa, pale nilipoandika CHOO kwa chaki, na wala hakujua.

Kisha nikakaa humo peke yangu mchana mmoja na daftari. Nikawa mdogo, ndugu yangu. Vitanda vitano vitupu vinanitazama.

Haya, majibu. Katika siku thelathini, kumi na moja ningetoka. Saa mbili, si zaidi, maana nguo za watu zinaningoja. Mbele ya klabu mlinzi ametumbukiza mti mrefu akapima: maji yananifika kifuani, kwa hiyo ile yangu ya mita tisa ingekaa matopeni kama bata. Ni kweli, umeshinda. Nitaitunza nyumbani, uani kuna nafasi, mwanzoni nataka niishonee mfuniko na matanga mapya kwa mkono wangu. Wa kunisaidia kuvuta wapo pale klabu.

Nani ataingia? Nimechora safu mbili, yangu na ya Kinyozi. Yangu ina alama kumi na moja. Yake ina sifuri. Si kwamba nimemwonea. Nilimwuliza kila siku, akasema leo kuna wateja, leo kiuno. Na nikuambie kitu kilichoniuma. Hata ile ya chaki haikanyagi. Akitoka sebuleni kwenda uani anaizunguka, anapita pembeni kabisa ya ukuta, kama mtu anayekwepa saruji mbichi. Mstari wa chaki, Msumari!

Na siku hizi hakai. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi anachukua mkoba anakwenda hospitali kuwanyoa wagonjwa. Anarudi ananuka dawa, macho mekundu. Nadhani anawaonea huruma wale wagonjwa mpaka analia. Ni mtu mwema, hilo sikatai. Ningependa tu huo wema apunguze saa mbili anipe mimi.

Dada yako,
Fundi

22 Machi

Shemeji,

Utashangaa kupata barua yangu, maana mimi na kalamu hatuna uhusiano. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha wateja, pazia nimeshusha. Dada yako asijue. Ukimwambia, siku ukija kunyolewa nitakuacha na kichwa nusu.

Shemeji, mimi sijui kuogelea. Nilipokuwa na miaka tisa nilitumbukia kwenye tangi la maji la shule, na mpishi ndiye aliyenitoa, kwa kunivuta sikio. Tangu siku hiyo hata beseni la kuoga silijazi. Mke wangu nilimwambia kuhusu sikio, kwa sababu linachekesha. Kuhusu tangi sikumwambia. Sasa yeye amechora mashua nyumba nzima, na amini usiamini, nikitazama ule mstari wa chaki naona maji ndani yake. Nazunguka.

Lakini sipendi kuzunguka. Siku ile aliyotoka ziwani mara ya kwanza alinisimulia huku kasimama juu ya kiti, mikono hewani, ana miaka hamsini na mbili na ana uso wa yule msichana aliyenishonea shati la kwanza likawa na mikono isiyolingana. Nikasema moyoni, mzee, safari hii hutabaki ufukweni.

Basi Jumanne na Alhamisi siendi hospitali. Naenda bwawa la kuogelea la shule ya msingi. Darasa la wanaoanza. Wenzangu ni watoto kumi na wawili, mkubwa wao ana miaka minane, na wananiita Babu Mapovu kwa sababu wiki tatu za kwanza tulikuwa tunapuliza mapovu tu na mimi ndiye niliyepuliza mengi. Mwalimu ni binti mkali kweli. Akipuliza filimbi hata mimi naganda. Yale maji yana dawa inachoma macho, narudi nyumbani kama nimekata vitunguu gunia zima.

Ninachokuomba: mwalimu anasema mtu akifika mita ishirini na tano bila kushika ukuta, anaruhusiwa kupanda chombo. Mimi niko mita sita. Usiache mke wangu anunue mashua isiyo na nafasi yangu. Na usimwambie. Nikishindwa, nataka niwe nimeshindwa kimyakimya.

Shemeji yako,
Kinyozi

6 Aprili

Msumari,

Nimepata! Nimepata mashua! Kwenye ubao wa matangazo wa klabu. Mita tatu na nusu, tanga moja, rangi ya njano kama kiini cha yai, na ni ya mtu mmoja. Nimeingia ndani yake ikiwa nchi kavu, nimekaa, inanikaa kama nguo niliyojishonea. Mwenyewe anataka jibu mwisho wa mwezi.

Uliniambia nichague kwa ajili ya mtu atakayenyanyua mguu kweli. Nimehesabu kwa haki, mwezi wa kwanza na nusu ya mwezi wa pili. Ni mmoja. Nilimwambia Kinyozi jana wakati wa chai, nikasema, nimekata shauri, nachukua ya mtu mmoja, sikusumbui tena. Alitua kikombe. Akasema, "Ya mmoja kabisa?" Nikasema, kabisa. Akavaa viatu akatoka, na haikuwa Jumanne wala Alhamisi.

Sina kinyongo. Nina furaha ya kupasuka. Ila nikiwa peke yangu kwenye ile ya njano nilijikuta nimekaa upande mmoja, kama niliyemwachia mtu nafasi. Ni mazoea tu ya kitanda.

Dada yako,
Fundi

13 Aprili

Shikamoo Dada,

Simama hapo hapo, usitoe jibu kwa mtu.

Ile ya mmoja ni ya vijana, Dada. Unakaa umekunja magoti mpaka masikioni, na ukipiga chafya inapinduka. Wewe una goti la kushoto. Hufai kwa ile, na ile haikufai. Halafu ukitaka kumchukua jirani je? Ukitaka kumchukua binti yako akija? Ukitaka kuchukua kapu la chakula?

Nina nyingine hapa. Ya mita nne na robo, tumemaliza kuikarabati juzi. Iko wazi, pana, haina vitanda wala choo. Matanga mawili, kubwa na dogo la mbele. Mtu mmoja akizoea anaiendesha peke yake, lakini inatulia zaidi wakiwa wawili. Ule ubao wa chini unapandishwa, kwa hiyo pale kwenye maji ya kifuani inapita bila kugusa tope. Upana wake sentimita mia moja sitini na sita. Wenye lori la karakana watakuja pande zenu mwezi wa tano, wataishusha mlangoni.

Kama itakaa uani, nipe upana wa uchochoro wenu pale palipo pembamba kuliko kote. Na lile swali la kuogelea hukunijibu.

Mdogo wako,
Msumari

13 Aprili

Shemeji,

Nimemdanganya dada yangu kuhusu chafya. Nimekununulia mwezi mmoja. Piga miguu!

Msumari

21 Aprili

Msumari,

Wewe ukidanganya unaandika sentensi fupifupi, tangu utotoni. Kuna kitu. Lakini goti la kushoto umelisema kweli, na nilipochora hiyo ya mita nne na robo sakafuni ilikaa chumbani bila kuvuka mlango, nikaketi, nikanyoosha miguu, nikacheka peke yangu. Ya njano nimeiacha. Niletee hiyo pana. Hata nikiwa peke yangu humo, nitajitandaza kama malkia.

Uchochoro nimeupima mwenyewe kwa tepu yangu, pale kwenye kona ya bomba, mahali pembamba kabisa. Mia moja sitini na nane. Mkono wangu haujawahi kukosea kipimo, uliza mji mzima.

Nasubiri lori kama mtoto!

Dada yako,
Fundi

24 Mei

Shemeji,

Mashua imefika. Imefika nusu.

Watu wako waliileta Jumatano. Waliisukuma kwenye kitoroli, ikaingia uchochoroni vizuri, mke wangu anatembea kinyumenyume mbele yake anapiga makofi, jirani anapiga vigelegele. Ilipofika kwenye kona ya bomba ikasema krrr, ikasimama. Kusukuma mbele haiendi. Kuvuta nyuma hairudi. Kuinamisha ubavu haiwezekani, imebana kulia na kushoto kama pete kwenye kidole kilichovimba. Watu wako walihangaika mpaka jua likashuka, wakakuna vichwa, wakaondoka na lori.

Na uchochoro ule ndio njia yetu pekee ya kutokea barabarani. Kwa hiyo, Shemeji, kila asubuhi napanda mashua kwenda kazini. Napandia mbele, natembea ndani, nateremkia nyuma. Siku ya kwanza nilishika kuta zote mbili na nilitoka jasho, na chini yake hakukuwa na maji hata tone. Siku ya pili nilishika ukuta mmoja. Jana nilikutana na mwenye duka la viatu, alikuwa anakuja kwangu kunyolewa na hakuweza kupita nilipo, basi nikamwambia kaa hapo hapo kwenye benchi. Nikamnyolea ndani ya mashua. Nilipomaliza ndipo nilipogundua nimekuwa humo nusu saa bila kushika kitu chochote ila kichwa chake.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

Niko mita kumi na tisa. Kitu kimoja cha ajabu: bukta yangu ya kuogelea ilipasuka pale katikati, nikaishona mwenyewe, unajua mikono yangu. Alhamisi nimeifungua nikakuta imeshonwa upya, mshono mzuri mara mbili, na kamba mpya kiunoni. Nadhani ni yule mwalimu. Mkali vile, kumbe ana roho nzuri.

Shemeji yako,
Kinyozi

26 Mei

Msumari, mnafiki wangu, mpenzi wangu, mdogo wangu,

Najua kila kitu!

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mkasi nikafungua mkoba wake wa hospitali. Hakuna wembe, hakuna sabuni ya kunyolea. Kuna taulo bichi, na bukta. Nikainusa. Ni ile ile dawa ya hospitali, lakini hospitali gani inayonyoa watu kwa bukta? Na ile bukta, jamani, ilikuwa imepasuka na imeshonwa. Mimi nimeona mishono mingi ya wanagenzi, lakini ile haijapata kutokea. Imekwenda kushoto, imerudi, imejifunga yenyewe fundo. Nikajua ni mkono wake. Mtu aliyekataa hata kushona kifungo kwa miaka ishirini na tisa, amejificha mahali na sindano ili mimi nisijue.

Nilikaa chini kati ya vitambaa nikalia, Msumari. Nililia vizuri. Kisha nikaifumua ile bukta, nikaishona upya, nikairudisha mkobani. Sikumwambia. Na wewe usimwambie kwamba najua! Mwache anishangaze. Ametoa jasho kwa ajili ya hilo, ni lake.

Sasa aibu yangu. Uliza ni kwa nini mashua imebana. Nilirudi na tepu nikapima upya. Kona ya bomba ni mia moja sitini na nne. Mimi nilikuandikia sitini na nane. Nilikaa nikitafuta zile nne zimetoka wapi, mpaka mkono wenyewe ukanijibu. Nilipima ukuta, na kwa mazoea nikaongeza sentimita mbili kila upande. Nafasi ya mshono! Nimeupa ukuta nafasi ya mshono, Msumari! Mji mzima wanakuja kupita ndani ya mashua na mimi kila mmoja namwambia ni kosa la watu wa lori.

Lakini nikuambie. Majuzi Kinyozi alikaa humo ndani nusu saa, ananyoa mtu, anapiga mluzi. Mimi sitaki itoke haraka sana.

Dada yako,
Fundi

2 Juni

Shikamoo Dada,

Karakana nzima imelala chini kwa kicheko. Mzee wetu hapa ameagiza kipimo chochote kikitoka kwa fundi cherehani kipunguzwe nne.

Kuitoa ni rahisi. Ule ubao mwembamba unaozunguka ukingo wote kwa nje, una unene wa sentimita mbili. Skrubu zake zimefungwa kutoka ndani, ukipapasa chini ya ukingo utazikuta, arobaini na nane. Zifumue zote, kulia na kushoto, ubao utalegea, utauvuta juu. Mashua itabaki mia moja sitini na mbili, nayo itateleza kama sabuni. Ukishaifikisha uani unaurudisha. Na siku ya kutoka, ufumue tena.

Mimi siri zenu sizitaki tena, zimenijaa mpaka kooni. Nikiandika kwako nauma ulimi, nikiandika kwake nauma ulimi. Ingieni majini mnipumzishe.

Na Dada, mara ya tatu sasa: kuogelea?

Mdogo wako,
Msumari

17 Juni

Shemeji!

ISHIRINI NA TANO! Jumanne, saa kumi na dakika arobaini! Ukuta hadi ukuta! Nilimeza maji ya watoto kumi na wawili, lakini sikushika! Wote walikuwa ukingoni wanaita Babu Mapovu, Babu Mapovu, na yule mwalimu mkali alitupa filimbi. Nilimshukuru na kwa ile bukta. Akanitazama akasema, "Babu, mimi hata sindano sijui kushika."

Shemeji, nimekaa tangu jana nafikiria hilo.

Jumamosi tunaingia.

Kinyozi

24 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini tena.

Ijumaa usiku hakuna aliyelala, kila mmoja anajifanya kalala. Jumamosi asubuhi tulifika klabu, mashua tumeitoa uchochoroni kwa kufumua zile skrubu zako arobaini na nane, imepigwa rangi, matanga mapya niliyoshona mwenyewe, meupe, mshono wa mara tatu. Tukavaa majaketi ya kuelea. Kinyozi alisimama kwenye maji ya magotini. Akasema, "Mke wangu, ile bukta." Nikasema, "Bukta gani?" Akasema, "Asante." Basi. Akanyanyua mguu wa kulia, akauweka ndani. Akanyanyua wa kushoto. Akakaa. Mimi nilikuwa nimeshika usukani na sioni mbele kwa machozi.

Tulikimbia, Msumari! Ulisema kweli, ile mashua ikiwa na wawili inatulia, kisha inakwenda! Upepo wa pembeni, maji yanaruka, yeye nimempa kamba ya tanga dogo, anaivuta na kuilegeza kama anavyonoa wembe kwenye ngozi, mkono mwepesi. Akaanza kuimba. Dakika arobaini. Sijawahi kupata dakika arobaini kama zile tangu nizaliwe.

Halafu wakati wa kugeuza, ule mti wa chini ya tanga ukaja kwa kasi, tukainama wote, na wote tukainama upande mmoja. Mashua ikatumwaga.

Sasa nisikilize na usinikaripie. Umeniuliza mara tatu. Nilijibu yote, la kuogelea nikaliruka. Mimi sijui kuogelea, Msumari. Sijawahi kujua. Ulikuwa mdogo, ulituona wasichana tunakwenda mtoni ukadhani wote tunaingia. Wenzangu waliingia. Mimi nilikuwa nalinda nguo. Klabu waliponiuliza nilisema, kidogo. Nilikuwa na furaha nyingi sana, niliogopa mtu ataniambia, basi, shuka. Na miezi yote ile nilikuwa namlaumu mtu anayezunguka chaki.

Nilizama nikaibuka, jaketi likanibeba, lakini akili ilishanikimbia. Nilikuwa napiga maji na kupiga mayowe. Akaja. Kinyozi wangu akaja, anapiga miguu, shingo ndefu, mashavu yamevimba. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Nitazame mimi. Usinishike shingo. Puliza mapovu." Nikasema, "Nini?" Akasema, "MAPOVU, mke wangu!" Nikapuliza. Ukipuliza, huwezi kupiga mayowe. Akanishika ukosi wa jaketi akanivuta mpaka kwenye mashua, tukaishika, na watu wa klabu wakaja kutugeuzia.

Tukiwa tumening'inia pale akaniuliza, "Hujui?" Nikasema, "Sijui." "Miaka yote hii?" "Miaka yote." Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza, tukacheka mpaka wale waokoaji wakadhani tumepagawa.

Tuliingia tena, mchana ule ule. Yeye ndiye aliyesema turudi.

Daftari langu lina safu mpya. Yangu ina alama mbili, ya Kinyozi mbili. Ya tatu nimeandika KUOGELEA, ina sifuri, na ni yangu. Jumanne naanza. Vazi nimejishonea, na safari hii kipimo nimekipunguza nne.

Dada yako,
Fundi

Shemeji, hapa ni mimi, ameniachia nafasi chini ya karatasi. Nimeshamwandikisha. Watoto wameambiwa mke wa Babu Mapovu anakuja, na wamegombana nani atamshika mkono. Anaogopa, ingawa hatakuambia. Nami nilimwahidi kitu mwezi wa pili, lazima nikitimize: Jumanne nitakaa kwanza ukingoni, nimpungie mkono. Halafu naruka ndani.

Kinyozi